Ruhusa ya Kusema Naumia

Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, kijana aliyekuwa akijulikana kwa jina la 2-Proud, alitoa kaseti iliyoitwa Niite Mr. II. Alikuwa amekwisha kutoa Ni Mimi mwaka 1995 na Ndani ya Bongo mwaka 1996, lakini kaseti hii ndiyo iliyobeba Hali Halisi, wimbo ambao waliokuwa vijana wakati ule wanaukumbuka mstari kwa mstari. Tumezoea kuusifu wimbo huo kwa sababu mbili. Wapo wanaosema uliwakosoa wakubwa wakati wengine wakiogopa, na wapo wanaosema ulisafisha njia ya muziki ambao baadaye uliitwa bongo fleva. Sababu zote mbili zina ukweli wake, ila naona zinapita kando ya jambo lililo kubwa zaidi. Albamu ile ilimpa kijana wa Kitanzania, hasa wa kiume, ruhusa aliyokuwa hana: kusimama mbele ya watu na kusema naumia, kwa Kiswahili cha kijiweni, bila kuomba radhi na bila kumalizia kwa wosia. Ruhusa hiyo ndiyo iliyodumu. Inasikika mpaka leo katika nyimbo za wasanii ambao mwaka 1998 walikuwa bado hawajazaliwa, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mlandege hapa Iringa mpaka Mwanjelwa kule Mbeya, tuna sababu zetu za kuijali kuliko wengine.

Tuitazame kwanza nchi iliyouzaa muziki huo. Mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuurekebisha uchumi, na matokeo yake yakawafikia wakulima wa huku polepole, msimu kwa msimu. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa minne iliyotegemewa kulilisha taifa mahindi, na mahindi hayo yalistawi kwa mbolea ya ruzuku. Ruzuku ikaanza kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ilipofika katikati ya muongo huo ilikuwa imeondolewa. Mashirika ya umma nayo yalikuwa yakiuzwa au kufungwa, na wafanyakazi wakipunguzwa. Kijana aliyemaliza darasa la saba Mufindi au Kilolo, ambaye kaka yake aliajiriwa kiwandani miaka kumi kabla, alikuta mlango umefungwa. Akapanda basi la kwenda Dar es Salaam, au treni ya TAZARA kama alitokea Mbeya au Makambako, akawa mchuuzi wa barabarani. Dada yake alikwisha kutangulia kufanya kazi za ndani, kwa maana familia nyingi za Dar es Salaam zilikuwa na mazoea ya kuagiza wasichana wa kazi kutoka Iringa. Huko mjini kijana alikutana na mgambo, na polisi, na chumba cha kupanga kinacholaza watu watano. Wazazi wake kijijini waliamini amefika penye riziki, naye hakuwa na namna ya kuwaeleza vinginevyo.

Si kwamba shida haikuwa ikiimbwa. Ilikuwa ikiimbwa kwa utaratibu mwingine. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilirekodi katika studio za redio hiyo, mashairi yake yakiwa yamepitiwa kwanza. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyokuja kuwa JUWATA, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Na majeshi yalikuwa na za kwao. Muziki wao ulikuwa mzuri ajabu na sitaki mtu adhani ninaudogosha. Lakini utaratibu huo ulilea aina moja ya utunzi: kisa kinasimuliwa, mtu anateseka, kisha mwimbaji anamgeukia msikilizaji na kumwonya asije akafuata njia ile. Machozi yaliruhusiwa kwa sharti kwamba yatoe funzo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipovunja ukiritimba huo, na Radio One pamoja na ITV zikaanza kurusha matangazo 1994, vijana walipata mahali pa kupeleka nyimbo ambazo hakuna kamati iliyozipitia. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe 1992. Watu wazima walikuwa wakijifunza kusema hadharani yale waliyokuwa wakiyanong'ona, na vijana nao walikuwa wakisikiliza.

Ndani ya mazingira hayo Hali Halisi ilifanya jambo linaloonekana dogo. Msemaji wa wimbo hatusimulii habari za mtu fulani aliyepotoka. Anajisema yeye na wenzake. Kazi hakuna, polisi na vijana wa mtaani wanasakamana kila uchao, wanasiasa wanakuja na maneno matamu wakati wa kura na kupotea baada yake, na kijana anabaki palepale alipokuwa amekaa. Hayo yote yanasemwa kwa sauti ya chini, juu ya mdundo wa taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo wasikilizaji wake wanalijua tayari. Hakuna mzee anayejitokeza katika ubeti wa mwisho kuwaambia vijana warudi shamba. Hakuna aliyebadilika, hakuna aliyekoma. Wimbo unaisha na hali ni ileile. Kwa msikilizaji aliyelelewa na nyimbo za mawaidha, kimya hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kipya. Kilimwambia kwamba maumivu yake yanatosha kuwa wimbo hata kama hayamfundishi mtu lolote.

Wamarekani wana jina la albamu za jinsi hii. Wanaziita emo: roki ya bendi ndogo ndogo, nyingi zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, ambapo vijana wanaimba upweke, aibu na kushindwa kwao kana kwamba wanasoma shajara mbele ya watu. Mfano mmoja unafaa kutajwa kwa sababu umri wake unalingana na huu wetu. American Football, bendi ya vijana wa mji wa chuo wa Urbana, jimbo la Illinois, ilitoa albamu moja mwaka 1999 na kusambaratika karibu papo hapo. Wengi hawakuisikia. Ilipotolewa upya mwaka 2014 ilikuta bendi nyingi changa zinaiga magitaa yake na namna yake ya kunung'unika, na wanamuziki wenyewe wakarudi jukwaani wakiwa watu wazima. Kisa hicho kinatuonyesha namna ya kupima athari ya albamu. Mauzo ya mwaka wa kwanza hayatoshi. Kipimo ni kile ambacho waliokuja baadaye walijiona huru kukifanya. Ila ipo tofauti kubwa kati ya huzuni ya Illinois na ya Dar es Salaam. Ile ya kwanza inakaa chumbani na mtu mmoja ambaye penzi limemwishia. Hii yetu inakaa kijiweni na watu wanane, na kila anaposema "mimi" wenzake wanaitikia kwa sababu wako humohumo. Wako watakaosema kwamba kwa hiyo yetu si hisia, ni siasa. Nakataa. Mtu asiye na nauli ya kurudi kwao kuzika ana huzuni ya ndani kama aliyeachwa na mchumba, na pengine hao wawili ni mtu mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wapenzi wa dansi, yaani muziki wa bendi kama zile nilizozitaja. Watauliza: je, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki Januari 1979, hakuimba Shida? Marijani Rajabu hakuwaliza watu kwa Mwanameka? Na Dokta Remmy Ongala je, aliyeimba kifo, umaskini na unyonge mpaka wanyonge wakamwona ni wa kwao? Hoja hiyo naipa uzito unaostahili, na kwa Remmy nakubali kwamba aliukaribia mpaka kabisa. Mambo kwa Soksi, wimbo wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu kondomu, haukupata nafasi redioni kwa sababu ulitaja waziwazi jambo ambalo wakubwa walitaka lizungukwe. Lakini tusikilize Remmy anasimama wapi anapoimba. Anasimama kama mzee wa mtaa, mtu aliyekwisha kuona mengi, anayewatetea wanyonge na wakati huohuo kuwaasa. Sauti yake ina mamlaka ya umri. Marijani naye ni msimulizi hodari. Anatupeleka hadi ndani ya nyumba ya mwenye majonzi, ila yeye mwenyewe anabaki mlangoni akituonyesha. Marijani alifariki 1995, mwaka uleule Ni Mimi ilipotoka. Mr. II hakuwa na umri wa kumwasa mtu wala hakutafuta kisa cha mwingine. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na alizungumza akiwa bado yumo ndani ya shida anayoieleza. Kwa hiyo sisemi kwamba huzuni ilianza naye. Ninachosema ni kwamba kabla yake aliyehuzunika alihitaji msemaji, na baada yake hakumhitaji tena.

Pingamizi jingine husema kwamba yote haya ni kuiga. Rapu ililetwa na kanda za video za Marekani, na hata jina la 2-Proud lina harufu ya kwao. Ni kweli kwamba mwanzo ulikuwa wa kuiga. Mwaka 1991 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani na watu wakashangaa kwamba inawezekana. Makundi kama Kwanza Unit yalianza kwa kuchanganya Kiingereza kingi. Hapo ndipo kaseti ya 1998 inapopata nafasi yake katika historia. Mwenye kaseti alivua jina lake la zamani, akatangaza jipya kwenye jalada, na akachana kwa Kiswahili ambacho mama muuza ndizi na kondakta wa daladala wote walikielewa. Muziki wa kuiga tu usingetoka katika kumbi za watoto wa shule zenye ada kubwa na kufika stendi ya Mlandege, ambako asubuhi na mapema mabasi ya vijijini hupakia mbolea, vifaranga na vijana wanaotafuta kibarua. Ulifika kwa sababu maneno yake yalikuwa ya huko. Mdundo ulikuwa wa kuazima, shida haikuwa ya kuazima.

Ushahidi wa kudumu kwa ruhusa ile uko katika nyimbo zilizofuata. Hard Blasters walitoa Funga Kazi mwaka 2000, na mmoja wao, Professor Jay, mwaka uliofuata akatoa albamu aliyoiita Machozi, Jasho na Damu. Miaka kumi kabla, msanii kijana asingethubutu kuweka machozi yake kwenye jalada akatarajia wanaume wenzake wainunue kaseti hiyo. Juma Nature akaichukua lugha hiyohiyo na kuipeleka Temeke, akaongeza kilio cha kuimba juu ya kuchana, na hapo bongo fleva ikaanza kuwa na sauti inayokaribia kulia. Kisha ikaja Starehe ya Ferooz, mwaka 2004, akiwa na Professor Jay. Huo ni wimbo wa kijana anayekufa kwa UKIMWI. Naujua upungufu wake kwa hoja yangu: una funzo, tena funzo la wazi. Lakini Ferooz hakusimama kando na kumnyooshea kidole mgonjwa. Aliimba akiwa mgonjwa mwenyewe, kitandani, akijuta kwa nafsi ya kwanza. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa huku kwetu. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa 2007 hadi 2008 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa, wakati ule ukiijumuisha Njombe, wana virusi, ilhali wastani wa nchi haukufika asilimia 6. Katika mkoa ambao karibu kila ukoo ulikuwa umezika mtu na msibani ikasemwa kwamba marehemu aliugua kifua, kijana mwenzao kukiri ugonjwa huo kwa kinywa chake, hata kama ni ndani ya wimbo, kulikuwa ni kufungua dirisha. Nyimbo za kampeni za afya zilikuwapo nyingi. Hazikuwa na mtu ndani yake.

Mbeya yenyewe ilizaa warithi. Izzo Bizness alipotoa Riz One, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, alimtumia ujumbe mtoto wa Rais kama kijana anayemweleza kijana mwenzake yaliyomo mtaani, akiamini kwamba kilio cha mtu binafsi kinaweza kugonga mlango wa Ikulu. Rayvanny naye alijitambulisha kwa taifa mwaka 2016 kwa wimbo Kwetu. Ni wimbo wa mapenzi, na wengi waliucheza harusini, lakini kinachouendesha ni aibu ya kijana anayeogopa mpenzi wake akiona umaskini wa nyumbani kwao. Umaskini ule ule wa Hali Halisi umeingia ndani, umekaa kati ya watu wawili wanaopendana. Na tukitoka Mbeya, Stamina wa Morogoro alipovunjikiwa na ndoa yake aliifanya kuwa wimbo, Asiwaze, akayasema mambo ambayo mwanamume wa Kitanzania alifundishwa kuyameza. Sidai kwamba wasanii hawa wote waliketi na kaseti ya 1998 wakaisoma kama kitabu. Athari haiendi hivyo. Walikulia katika muziki ambao tayari ulikuwa umekubali kwamba kijana aliyeshindwa ana haki ya kushika kipaza sauti.

Atakuja mwenye kusema: hayo ni machache ya kuokota, kwa maana ukipita leo katika soko lolote la Iringa utasikia singeli, amapiano na nyimbo za kusifia miili. Kweli utazisikia, na watu wana haki ya kucheza. Hata hivyo nadhani tunausikiliza vibaya muziki wa mapenzi wa siku hizi. Kijana anayeimba kwamba ameachwa kwa sababu hana gari, kwamba mwenzake amechukuliwa na mwenye pesa, kwamba anapiga simu na haipokelewi, anaimba habari za kipato chake. Bongo fleva ya mapenzi imejaa madeni, kodi za nyumba na mahari zisizolipika. Malalamiko yamehama kutoka kituo cha polisi kwenda kitandani, na huenda yalihama kwa sababu kulalamika kituoni kulizidi kuwa na gharama. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo Wapo kabla ya serikali kubadili msimamo na kuruhusu upigwe. Msanii aliyeyaona hayo na bado ana watoto wa kulisha anajua kwamba kumlilia mpenzi hakumpeleki mtu mahabusu.

Wazazi na viongozi wa dini wana pingamizi la aina yao, na nalichukulia kwa heshima kwa sababu linatoka kwa watu wanaowapenda vijana. Wanasema muziki wa kulalamika unamfanya kijana aizoee shida, auone ulegevu kuwa ni hekima, akae kijiweni akitikisa kichwa badala ya kushika jembe. Mkulima wa Nyanda za Juu, aliyezoea kuamka kwenye baridi ya Juni na kwenda shambani bila kumwambia mtu kwamba viungo vinamuuma, ana haki ya kuutilia shaka muziki huu. Lakini tuyaangalie yaliyotokea. Mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini walimchagua Mbilinyi, ambaye sasa alijulikana zaidi kama Sugu, kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA, wakamrudisha 2015, akakaa bungeni mpaka 2020 alipomwachia kiti Tulia Ackson wa CCM. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi kati ya 2015 na 2020. Mtu anaweza kuwapenda au kutowapenda kama wanasiasa. Hilo si suala langu hapa. Suala ni kwamba wapiga kura waliokulia na kaseti zao walipanga foleni, wakapiga kura, wakalinda kura. Muziki wa kulegeza watu hauzai foleni za namna hiyo. Novemba 2011, wamachinga walipopambana na polisi Mwanjelwa, mbunge wao alikwenda kuzungumza na vijana ili watulie, na walimsikiliza. Aliyeimba ugomvi wa polisi na vijana alijikuta amesimama katikati yao, na nadhani alisikilizwa kwa sababu vijana wale walijua kwamba aliwahi kuusema uchungu wao kabla hajahitaji kura zao. Februari 2018 mahakama jijini Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kumfedhehesha Rais John Magufuli. Alitoka gereza la Ruanda mwezi Mei, na baadaye akatoa wimbo wenye jina la namba yake ya gerezani, 219. Miaka ishirini baada ya Niite Mr. II, njia yake ilikuwa ileile: kuyaeleza yaliyompata kwa kinywa chake mwenyewe.

Kuna upungufu mmoja ambao wanaoisifu albamu hii huwa hawautaji, na kwangu ndio unaouma zaidi. Ruhusa niliyoieleza ilitolewa kwa wavulana. Kijiwe cha Hali Halisi ni cha wanaume. Mr. II aliwahi kuwaimba wasichana wadogo wanaotumiwa katika biashara ya ngono, katika Chini ya Miaka 18, na huo ulikuwa ujasiri. Lakini tena hapo msichana ana msemaji. Lady Jaydee alipoipa albamu yake jina la Machozi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliudai mlango huo kwa haki yake, na Zay B na Sista P walichana kwa sauti zao. Walikuwa wachache na waliulizwa maswali ambayo wenzao wa kiume hawakuulizwa, kuhusu mavazi yao na nani anawaweka mjini. Msichana wa Kilolo aliyepelekwa Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na mitatu, akalala jikoni, akalipwa kwa ahadi, bado hajapata kaseti yake. Ameonyeshwa kama mhusika wa kuchekesha katika vichekesho na filamu, akiigizwa kwa lafudhi ya kwao ili watu wacheke. Kama urithi wa 1998 una deni, deni hilo liko kwake, na wenye studio za Iringa na Mbeya hawapaswi kungoja Dar es Salaam ililipe.

Lipo pia suala la kaseti zenyewe. Albamu za miaka ile ziliuzwa kupitia wasambazaji wachache wa Dar es Salaam, na msanii kwa kawaida aliuza kazi yake akapokea fedha kidogo huku nakala bandia zikisambaa nchi nzima. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa 1999, mwaka mmoja baada ya Niite Mr. II, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikazaliwa kutokana na sheria hiyo. Kwa hiyo muziki uliobadilisha namna vijana wanavyojieleza ulihifadhiwa na wachuuzi na wasikilizaji tu, katika utepe wa sumaku unaooza kwa joto, vumbi na kurudiwa mara nyingi. Kaseti ya 1998 sasa imepita miaka ishirini na mitano. Dansi ya zamani ina bahati kwamba RTD iliirekodi na kuiweka kabatini. Rapu ya miaka ya 1990, iliyokwepa kamati, ilikosa pia kabati. Iringa ina nafasi ya kufanya jambo hapa. Lipo Boma la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, na lina vyumba vya kueleza maisha ya watu wa Nyanda za Juu mbali na habari za Chifu Mkwawa na zana za kale. Vipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU), vyenye wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka na kurudia zilezile. Wapewe kazi ya kukusanya kaseti kutoka Mlandege, Mafinga, Makambako na Mwanjelwa, kuzinakili kwa ridhaa ya wenye hakimiliki, na kuwarekodi waliozinunua wakati ule wakieleza walizisikilizia wapi na walizificha kwa nani. Mafundi redio wa zamani, wanaojua kufungua kaseti iliyokatika na kuiunga, bado wapo mitaani. Mashine zao nyingi bado zinafanya kazi, na vipuri vyake vinazidi kuadimika.